PC ya zamani inadondosha FPS kila baada ya muda, setingi nimeshusha zote lakini wapi

mzee_wa_pedi

Wakuu habari za humu ndani, naombeni msaada maana hii kitu imeshanichosha akili. Nina desktop ya zamani, prosesa Core i5-4590, ram GB 8 DDR3 kijiti kimoja, grafiksi kadi ni GTX 1060 ya GB 6, diski ni ile ya kuzunguka TB 1, SSD (ile ya chipu isiyozunguka) hakuna. Mazabodi ni H81. Windows 10. Najua ni chuma cha zamani na sijaja kulilia gemu mpya, mimi nacheza GTA V ile ya kawaida, FIFA za nyuma kidogo na Counter-Strike basi.

Tatizo lenyewe liko hivi, nikiwasha gemu mwanzoni inatembea safi kabisa, 1080p, FPS (picha kwa sekunde) 65 mpaka 75. Nikishakaa kama dakika ishirini hivi ghafla zinadondoka mpaka 20, saa nyingine 14, inakaa hivyo sekunde kadhaa, inarudi 60, inadondoka tena, inapanda inashuka inapanda inashuka mpaka naamua kuzima tu nikalale. Halafu kuna nyingine sijui kama ni hiyohiyo au ni tofauti, nikiwa naendesha gari kwa spidi kwenye GTA hata kama ndio kwanza nimewasha, picha inaganda kama sekunde moja hivi halafu inaendelea, barabara inakuwa imefifia na nyumba zinatokea mojamoja.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeshusha setingi zote mpaka chini kabisa, nimeshusha hadi 720p, nimeapdeti draiva, nimefuta Windows nikaweka upya, bado. Cha ajabu nikishusha setingi mwanzoni FPS zinapanda hadi 100 na kitu ila kule kudondoka kunakuja vilevile, tena naona kama kunawahi zaidi. Jamaa mmoja wa duka kaniambia kadi imechoka nibadilishe. Kabla sijatoa hela naomba mawazo yenu.

chuma_chakavu

Mkuu i5 gen 4 hiyo ya 2014, watoto waliozaliwa mwaka huo wanakaribia kumaliza la saba wote. Tupa kule. Tafuta Ryzen 5 5600 na bodi yake, kadi hiyohiyo unaihamishia, maisha yanaendelea. Kuhangaika na DDR3 saa hizi ni kumpaka marehemu wanja.

binti_solda

@chuma_chakavu ushauri wa kununua ni rahisi hela ikiwa ya mwenzio 😂 tuanze na mgonjwa aliyepo kitandani.

Mzee wa pedi, kwenye maelezo yako kuna sehemu moja imesema mengi kuliko nyingine zote. Umesema ukishusha setingi FPS zinapanda hadi 100 lakini kudondoka kunawahi. Sasa kama kadi ndiyo inayochemka au imechoka, ukiipunguzia kazi ilitakiwa ipate nafuu, angalau ichelewe. Prosesa ni kinyume chake. Kila fremu unayoiona prosesa inaiandaa kwanza ndipo inaipa kadi iichore, kwa hiyo ukishusha ubora wa picha kadi inakuwa na kazi nyepesi, inamaliza haraka, inadai fremu nyingine, na prosesa ndio inakimbizwa kuliko mwanzo. Kwenye FPS 60 kila fremu ina milisekunde 16.7, kwenye 100 ina milisekunde 10 tu. Kwa hiyo mimi macho yangu yako kwa prosesa sio kwa kadi. Ila kuhisi sio kupima, mafundi wengi wanakosea hapo, wanabadilisha kifaa kwanza halafu ndio wanaangalia kama kilikuwa kibovu.

Fanya hivi. Daunlodi HWiNFO64, ni bure na ni ndogo haitakula bando. Iwashe upande wa sensa tu, iache nyuma, ingia kwenye gemu ucheze mpaka tatizo litokee, usizime haraka, liache litokee vizuri. Kisha toka uangalie safu ya kiwango cha juu na cha chini. Nataka joto la prosesa lilifika ngapi, kasi yake ilishuka mpaka ngapi, na ile mistari ya Thermal Throttling (kujipunguza kasi kwa sababu ya joto) inasema Yes au No. Kwa kadi nataka joto na kasi vilevile. Ukiweza weka na MSI Afterburner ikuonyeshee hizo namba kwenye kona ya skrini wakati unacheza, maana muhimu sio namba yenyewe tu, muhimu ni kipi kinashuka sekunde ileile FPS zinaposhuka.

Na hii ilianza lini? Kuna kitu kilitokea kabla, kufunguliwa, kuhama, kusafishwa, mtoto kuipiga teke?

Ile ya kuganda ukiendesha gari iweke pembeni kwanza. Inaanza mapema, ni fupi, na inategemea unachofanya. Naona huo ni ugonjwa wa pili.

likoni_gamer

Salamu kutoka Mombasa. Yangu ilikuwa ikifanya mambo kama hayo na huku joto ndilo usiseme. Kabla hujadaunlodi chochote kuna jaribio la bure, fungua ule ubavu wa keisi, weka feni ya mezani ipige ndani moja kwa moja, kisha cheza. Zikikawia kudondoka kuliko kawaida, basi ushajua ni joto, hata kama hujui ni joto la nini. Lakini usiifanye ndiyo maisha bwana, keisi wazi vumbi lote la nyumba linahamia mle.

Kitu kingine, angalia zinavyodondoka. Kama zingekuwa zikitoka 60 zinakwenda 30 kamili halafu 60 kamili, hapo ningesema zima V-Sync (ile setingi ya kulinganisha fremu na skrini), maana hiyo ikishindwa kufikia 60 hata kidogo inaweza kukushusha hadi 30. Lakini 14, 20, 17, hizo si namba za V-Sync.

Pia Windows 10 kwenye setingi za gemu kuna kule kurekodi kwa nyuma, hakikisha kumezimwa. Haitakuponya ila hiyo prosesa ya kor (viini) nne haina nguvu za kugawa sadaka.

chuma_chakavu

Mnamzungusha tu mwenzenu. Pawa saplai je? Mashine ya zamani, umeme wetu wa kupanda na kushuka, mimi nasema pawa saplai.

binti_solda

Pawa saplai iliyochoka mara nyingi haikushushii FPS taratibu, inakuzimia mashine au inajiwasha upya ukiwa katikati ya mechi. Haijawahi kuzima, au? Kama unataka uhakika upande wa kadi fungua GPU-Z, kuna mstari unaitwa PerfCap Reason, unakuambia kadi imebanwa na nini, joto, umeme au hakuna kazi ya kutosha. Kama kadi imegonga kikomo chake cha umeme pale utaona Pwr. Tungoje namba.

mzee_wa_pedi

Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa na mitihani.

Haijawahi kujizima hata siku moja. Namba ndio hizi: prosesa imefika 100, nimeona mwenyewe kwa macho. Kasi ilikuwa 3.5 GHz muda wote halafu FPS zikidondoka inaenda 1.7, kuna wakati ilikuwa 1.2 kabisa. Thermal Throttling kor zote nne zinasema Yes, zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Kadi ilikuwa 71 tu na kasi yake haikutikisika, ila asilimia ya matumizi ndio ilikuwa inaporomoka kutoka 95 hadi 30 pale FPS zikishuka. Hata nikitoka kwenye gemu mashine ikiwa imekaa tu bila kufanya kitu prosesa inasoma 60 na kitu.

Jaribio la feni ya @likoni_gamer nimefanya, kweli ikakawia sana ila mwisho ikadondoka.

Kuhusu lini ilianza, sasa ndio napata picha. Nilikuwa Morogoro, nikahamia Dodoma kwa ajili ya chuo, PC ilikuja kwenye buti la basi imelazwa ubavu juu ya mabegi. Huku nimekaa nayo kidogo ndio haya yakaanza, nikadhani ni vumbi la Dodoma maana hapa ukifuta meza asubuhi jioni unaandika jina lako juu yake.

binti_solda

Basi kesi ya kwanza imeisha, kadi yako haina kosa usiiuze wala usimpe mtu. Kadi kushuka hadi asilimia 30 maana yake imekaa inasubiri kazi, anayeichelewesha ni prosesa. Hiyo i5 kikomo chake cha joto ni digrii 100, ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, ikipoa kidogo inapanda tena, inachemka tena, inashuka tena. Ndio huko kupanda na kushuka unakokuona.

Swali ni kwa nini inafika 100. Vumbi linachangia, themo pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) ikikauka inachangia, lakini 60 na kitu ikiwa haifanyi kitu chochote, tena baada ya kusafiri imelala kwenye buti, mimi nakwambia angalia miguu ya kipoozeo. Kile kipoozeo cha duara kinachokuja na prosesa za Intel za wakati huo hakifungwi kwa skrubu, kina miguu minne ya plastiki inayosukumwa ndani ya matundu ya mazabodi mpaka ilie "ta". Mmoja ukiachia, kipoozeo kinainama upande mmoja kama nywele tu, kwa macho unaona kimekaa vizuri kabisa, kumbe hakigusi prosesa sawasawa. Feni inazunguka, taa inawaka, hewa inatoka, joto halihami.

Jinsi ya kufanya. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha keisi. Kisha shika kila mguu utikise kidogo, uliolegea utaujua. Hata ukiupata usiubonyeze tu ukafunga, maana kipoozeo kikishacheza pesti ya zamani inakuwa imepasuka na haishiki tena, lazima ukitoe chote uweke mpya.

Kutoa: juu ya kila mguu kuna mshale, zungusha kwa upande mshale unakoelekea, kisha vuta juu. Kabla ya kuvuta kipoozeo kizima kizungushezungushe kidogo kulia kushoto, pesti iliyokauka inang'ang'ania kwelikweli. Chomoa na waya wa feni usije ukaung'oa. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, prosesa na chini ya kipoozeo, mpaka ing'ae. Pesti mpya weka katikati kiasi cha punje ya kunde, usipake kama siagi, kipoozeo chenyewe kitaitandaza.

Kurudisha: hakikisha mishale yote umeirudisha kinyume cha kule ulikoifungulia, kisha bonyeza miguu kwa kukingamana, mmoja wa juu kushoto halafu wa chini kulia, ndipo mingine miwili. Ukibonyeza upande mmoja kwanza ule mwingine utagoma. Sikiliza "ta" mara nne. Mwisho chungulia nyuma ya mazabodi kama keisi yako ina tundu huko, ncha zote nne za plastiki ziwe zimetokeza sawa. Kama kuna mguu umevunjika usilazimishe, miguu inauzwa, na vipoozeo vya soketi 1150 (tundu la prosesa yako) vipo vingi tu kwa wauza used.

baba_zuu

Niongezee hapo kwenye vumbi. Ukipeleka kwa jamaa mwenye blowa mwambie ashikilie feni kwa kidole au kalamu wakati anapuliza, hasa zile za kadi. Wengi wanapenda ule mlio wa feni ikizunguka kama ndege inapaa, wanaua beringi mle. Na usipulize ndani ya pawa saplai ikiwa bado kwenye umeme, nimeona mtu anafanya hivyo akiwa peku.

Na tafadhali pesti ya kweli, sio dawa ya meno. Najua kuna video zinazunguka. Inafanya kazi siku mbili tatu halafu inakauka unabaki na prosesa inayonukia mnanaa.

mzee_wa_pedi

Hahaha baba Zuu 😂

Dada binti_solda wewe ni mchawi au? Mguu wa chini kulia ulikuwa unacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, na pesti ilikuwa imebaki unga mweupe upande mmoja tu. Nimefanya kama ulivyoelekeza, mguu wa tatu ulinipa tabu kidogo ila ukalia. Sasa hivi bila kufanya kitu inasoma 36, kwenye GTA jioni nzima haijavuka 73, kasi imesimama 3.5 haitikisiki. FPS 70 hivi muda wote. Asante sana dada.

Imebaki ile ya kuganda nikiendesha gari. Hiyo iko vilevile, haijapungua hata kidogo.

binti_solda

Safi sana. Na haitapungua kwa pesti, ni ugonjwa mwingine kama nilivyosema. Hapo namwachia @server_rumu, mambo ya diski ndio kazi yake.

server_rumu

Nimeitwa nimeitika. Mzee wa pedi, GTA V haipakii ramani yote kwenye ram, inavuta vipande kutoka kwenye diski kadiri unavyosogea. Ukitembea kwa miguu diski inawahi, ukipanda gari la kasi ukakata barabara kuu ya pwani diski inatakiwa ilete kila kitu kwa wakati mmoja. Diski ya kuzunguka ya rpm 7200 kila ikitafuta kitu sehemu mpya inatumia milisekunde kumi na kitu kwa wastani, hapo ni kusogeza kichwa na kungoja sahani izunguke ifike. Linganisha na hizo milisekunde 16.7 za fremu moja alizosema binti_solda. Ndio maana barabara inafifia na nyumba zinachelewa.

Lakini kuchelewa kwa nyumba ni jambo moja, picha nzima kuganda sekunde nzima ni jambo lingine. Hilo la pili kwa kawaida lina sababu mbili, ama ram imejaa na Windows imeanza kuhamishia vitu kwenye diski, ama diski yenyewe inaumwa. Tuangalie zote.

Kwanza fungua Resource Monitor, andika resmon kwenye sehemu ya kutafuta, nenda upande wa Memory, angalia grafu ya Hard Faults, yaani mara ambazo Windows inafuata kwenye diski kitu kisichokuwemo kwenye ram. Cheza ukiwa umeiacha nyuma, endesha gari, ikiganda toka uangalie. Pili daunlodi CrystalDiskInfo, ya kupima afya ya diski, uniambie rangi ni ipi na namba za mistari ya 05 (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa), C5 na C7.

Na uniambie wakati unacheza nini kingine kimefunguliwa.

mzee_wa_pedi

Brauza huwa naiacha, ina kurasa nyingi zimefunguliwa za chuo na muziki. Discord pia. Ram ilikuwa 7.6 kati ya 8 na hiyo grafu ikiganda inapanda mpaka juu kabisa halafu inashuka.

CrystalDiskInfo imenitia hofu, ni njano imeandikwa Caution. 05 ni sifuri, C5 inaonyesha 58, C7 sifuri.

server_rumu

Acha gemu. Nisikilize kwanza.

C5 ni idadi ya sehemu za diski ambazo imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua izifanye nini. Halafu hiyo programu kwa kawaida inaonyesha namba kwa mfumo wa heksadesimali (kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi), kwa hiyo 58 yako sio hamsini na nane, ni 88. Kila gemu au Windows ikigusa mojawapo ya sehemu hizo diski inajaribu kusoma, inashindwa, inajaribu tena, inajaribu tena, na muda wote huo kila kinachosubiri kitoke humo kimesimama. Hapo ndipo sekunde yako moja inakokwenda.

C7 kuwa sifuri kumetusaidia kujua jambo moja, waya wa data hauna tatizo. Ingekuwa hiyo ndio inapanda ningekwambia badilisha waya wa SATA kwanza, ni bei ya soda mbili tatu. Kwa hiyo ni diski yenyewe.

Kazi za chuo, picha, chochote ambacho huwezi kukipata tena, kihamishe leo. Flashi, simu, mtandaoni, popote. Anza na vitu vidogo vya muhimu, sio muvi. Usikimbilie kuendesha programu ya kutengeneza diski kabla hujahamisha, itasoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho na diski inayoumwa inaweza kufia humohumo. Inaweza ikakaa miaka, inaweza isifike Jumapili.

Baada ya hapo nunua SSD. Hata ya GB 240 ya SATA inakutosha kwa Windows na gemu moja kubwa, ukipata ya 480 bora zaidi maana GTA V na vitu vyake peke yake inakaribia kumaliza nusu ya hiyo ndogo. Kama ulikuwa na ndoto ya kuhamia ile GTA V Enhanced iliyotoka Machi 2025, watengenezaji wenyewe wameandika SSD ni lazima, kwa hiyo huko hela haipotei.

Na ram, ongeza kijiti kingine cha GB 8. H81 ina nafasi mbili tu na mwisho wake ni GB 16 kwa hiyo utakuwa umeijaza. Faida ni mbili, brauza yako haitasukumwa kwenye diski, halafu vijiti viwili vinafanya kazi kwa pamoja, DDR3-1600 kimoja kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili 25.6. Kwa prosesa ya kor nne tofauti utaiona hasa kwenye zile FPS za chini, sio zile za juu za kujisifia. Kuwa makini dukani, kuna watu watakupa ya laptop, ni fupi haitaingia.

likoni_gamer

Nakubali hiyo ya ram. Mimi niliongeza kijiti cha pili na FPS za juu zikabaki palepale, lakini ile kukwamakwama mjini kwenye magari mengi ikapungua sana. Watu hutazama wastani tu, wastani hauna haya, unaweza kuwa 70 na bado gemu haichezeki.

Na kwenye GTA punguza wingi wa watu na magari mtaani, hiyo inakula prosesa. Nyasi ndizo zinakula kadi. Wewe kadi unayo, kwa hiyo picha acha nzuri, punguza umati.

chuma_chakavu

Sawa joto mmenishinda, diski mmenishinda. Lakini SSD, ram, pesti, kipoozeo, jumlisha hiyo hela halafu uniambie kama hukaribii bodi mpya. Na draiva za hiyo kadi je? Nvidia wameshaacha. Windows 10 nayo imeshaachwa. Anajenga nyumba kwenye kiwanja cha mabondeni.

binti_solda

Mkuu leo umesema la maana kwa hiyo nakujibu vizuri 😄

Kweli, Pascal zote, yaani familia ya GTX 10, mwisho wa draiva za gemu ulikuwa Oktoba 2025, baada ya hapo ni za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Windows 10 nayo msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haipokei Intel chini ya gen 8 isipokuwa chache sana za gen 7. Yote kweli. Lakini gemu anazocheza zina miaka, hazisubiri draiva mpya. Tena kwa kadi ya zamani draiva iliyotulia ni bora kuliko ya juzi.

Halafu hesabu yako ina tundu. SSD ataichomoa aiweke kwenye mashine yoyote atakayonunua baadaye, hiyo haijapotea. Kipoozeo hajanunua. Pesti ni hela ya chipsi mayai. Kinachobaki kwenye DDR3 ni kijiti kimoja cha ram, used, na bei zake unazijua. Siku akitaka gemu za sasa hivi ndio wewe utakuwa sahihi na nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono, i5 ya kor nne huko inakufa kweli. Kwa GTA na FIFA bado.

Mzee wa pedi nikuombe kitu kimoja, usije ukashawishika kuweka zile programu za kusafisha ram na kuongeza FPS kwa kubonyeza mara moja. Zinajiwasha na Windows, zinakaa nyuma, na zinakula hiyohiyo ram zinayodai kuisafisha.

mzee_wa_pedi

Mrejesho wakuu. Vitu vya chuo na picha nimevitoa vyote, kulikuwa na folda moja iligoma kabisa kukopi, bahati nzuri ni muvi. SSD nimepata GB 480, ram nangojea hela ya mwisho wa mwezi.

Maswali mawili kabla sijafunga. La kwanza, nikopi Windows iliyopo niihamishie kwenye SSD nzima nzima au niweke upya? La pili, bodi ina matundu ya SATA ya aina mbili za rangi, naweka popote?

server_rumu

Weka upya. Usikopi kutoka kwenye diski yenye C5, itakwama ikifika kwenye zile sehemu au itakuletea mafaili nusunusu, halafu utakuja hapa kulalamika gemu inajifunga. Wakati wa kuinstoli Windows chomoa kabisa diski ya zamani ili isiweke mambo ya kuwashia kule. Kabla hujaanza ingia bayosi (setingi za bodi yenyewe) uhakikishe SATA iko kwenye AHCI sio IDE, ile njia ya zamani ya kuongea na diski, bodi za used mara nyingi mtu alishazichezea.

Matundu sio sawa. H81 ina mawili ya 6 Gb/s na mawili ya 3 Gb/s. SSD ya SATA inaweza kusoma mpaka MB 550 hivi kwa sekunde, kwenye tundu la polepole utaishia kama nusu yake. Usifuate rangi, kila kiwanda kina rangi zake, soma maandishi madogo yaliyochapwa pembeni ya tundu. La kwanza kabisa, SATA 0 au SATA 1 kutegemea bodi, karibu kila mara ni la kasi. Ile diski ya njano ukishamaliza usiitumie kuhifadhi kitu unachokipenda.

mzee_wa_pedi

Nimeona, pembeni imeandikwa SATA 6G. Naanza kuinstoli sasa hivi, wakinikatia umeme katikati nitarudi 😂

chuma_chakavu

Hiyo kadi ukija kuiuza niambie mapema.